Umeunga LUN moja kwenye VM mbili na mafaili yanapotea: hapo siyo diski mbovu

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo (VM ni kompyuta pepe inayoendeshwa ndani ya seva, KVM ni programu ya Linux ya kuziendesha, NAS ni kisanduku cha diski kwenye mtandao, iSCSI ni njia ya kutoa diski kupitia mtandao, LUN ni hiyo diski inayotolewa, na XFS ni failisistemu, yaani mpangilio wa mafaili diskini): "Mkuu habari za kazi. Tuna seva mbili za KVM na NAS moja inayotoa iSCSI. Nilitengeneza LUN ya giga 500 nikaiunga kwenye VM mbili za AlmaLinux 9, lengo moja ikifa nyingine iendelee. Nikafomati XFS, nikamaunti kote kote kwenye /data. Mwanzoni ilikuwa poa, ila nikiandika faili huku, kule halionekani mpaka niristati, na tangu jana inaniambia Structure needs cleaning. Diski mbovu au nimekosea settingi? Humo nataka kuweka PostgreSQL na folda la nyaraka zilizoskaniwa."

Salama mkuu. Diski yako nzima, na hata namna ulivyoiunga siyo mbaya sana. Ila kabla sijaeleza chochote naomba usimamishe hiyo kitu sasa hivi, maana kila dakika inayopita na zote mbili zimemaunti unazidi kujichimbia.

Zima VM moja. Siyo kuumaunti tu (yaani umount, kuitoa diski kwenye /data), zima kabisa, na iondoe hiyo diski kwenye config yake ili mwenzako wa zamu ya usiku asije akaiwasha kwa nia njema. Kwenye iliyobaki fanya umount /data, halafu piga snapshoti ya LUN kule kwenye NAS, au kama NAS haina hiyo kitu ivute yote kwa dd (amri ya kunakili diski nzima) ukaihifadhi pengine. Baada ya hapo ndo unaendesha xfs_repair -n, hiyo -n maana yake inaangalia tu haigusi. Ikikulalamikia kwamba log ina vitu havijaandikwa, jaribu kumaunti mara moja na kuumaunti ili log imalizie kazi yake yenyewe, ikigoma kabisa ndo unafikiria -L, na hiyo iwe ya mwisho mwisho kwa sababu inaitupa log yote. Na jiandae kisaikolojia, kuna mafaili yatafunguka vizuri tu halafu ndani unakuta vipande vya faili jingine.

Sasa nini kimetokea. Chukua basi la Dar kwenda Mwanza, tiketi zinauzwa na maajenti wawili, mmoja yuko stendi Mbezi mwingine ana kibanda chake mtaani, na kila mmoja ana karatasi yake ya siti. Hawapigiani simu. Yule wa stendi anauza siti namba 14 anaipiga tiki kwenye karatasi yake, huku wa kibandani akiangalia ya kwake 14 iko wazi, naye anauza. Asubuhi abiria wawili, siti moja, kelele mpaka Chalinze. Ukimuita fundi aangalie basi hatakuta kitu, basi zima.

XFS inafanya hivyo hivyo, na ext4, na NTFS pia. VM ikimaunti inasoma ramani ya nafasi zilizo wazi na orodha za mafolda, inaziweka kwenye RAM, na kuanzia hapo inajiamini kwamba yuko peke yake duniani hivyo hana sababu ya kurudi diskini kusoma upya kitu ambacho anakijua tayari. Ndo maana faili lako halionekani upande wa pili mpaka uristati, yule anaangalia karatasi yake ya zamani. Na wote wawili wakitafuta nafasi ya kuandika kitu kipya, mara nyingi wanaangukia pale pale, mmoja anamfuta mwenzake, na siku XFS inapokuja kusoma ikakuta kitu hakilingani ndo inakurushia hiyo Structure needs cleaning. Lile neno shareable ambalo bila shaka uliliweka kwenye XML ya libvirt (faili la settingi za VM) halikuwatambulisha hao maajenti, limewapa tu kibali wote wawili wauze.

Kwa hiyo swali lako lilikuwa "nawezaje kuunga diski moja kwenye VM mbili", na hilo ulishalimaliza, ni dakika tano. Kazi iko kwenye swali jingine: kwa sasa hivi nani ana ruhusa ya kuandika, na akizingua nani anamnyang'anya hiyo ruhusa bila kumuomba. Karibu kila nitakachokwambia chini hapa ni kujibu hilo.

Tuanze na nyaraka za skani maana ndo rahisi. Usiziweke kwenye LUN. NAS yako karibu hakika inatoa NFS (njia ya kugawana mafolda kwenye mtandao), tengeneza folda huko, VM zote mbili zimaunti NFS, basi, umemaliza, karatasi ya siti inakaa sehemu moja yaani kwenye NAS yenyewe. Watu wengi wakisikia klasta (mashine kadhaa zinazofanya kazi kama kundi) wanakimbilia GFS2 au OCFS2, hizo ni mafailisistemu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo kweli, kila nodi (mashine ya klasta) ina jenali yake (daftari la mabadiliko) na kabla ya kugusa kitu wanaulizana kupitia DLM (msimamizi wa makufuli) nani ameshika kufuli, wazo ambalo lipo tangu enzi za VAXcluster za DEC miaka ya 1980. Zinafanya kazi. Lakini ukiwa na folda moja lenye maelfu ya mafaili madogo na nodi mbili zinagombania folda hilo hilo, kufuli linaenda na kurudi mpaka unachoka kusubiri ls, halafu Red Hat wenyewe wameacha kuitoa GFS2 kwenye RHEL 10. Kwa skani za PDF unajitafutia shida ambayo NFS imeshakutatulia.

PostgreSQL ndo jambo lenyewe. Na hapa lazima tuelewane: PostgreSQL mbili haziwezi kuendesha folda moja la data kwa wakati mmoja, hata ukiwa na GFS2, hata ukiomba vipi. Lile faili la postmaster.pid linazuia ya pili isiwake kwenye mashine ile ile, kwenye mashine tofauti halina uwezo huo. Kwa hiyo unachotaka wewe ni zamu: VM moja inashika diski, inamaunti, inaendesha Postgres, nyingine inakaa pembeni mikono mfukoni haijamaunti chochote. Ya kwanza ikifa ya pili inachukua. Na kwa zamu, XFS ya kawaida inatosha kabisa, huhitaji failisistemu ya ajabu.

Kuna atakayekwambia achana na diski ya pamoja tumia replikesheni, Postgres inayo ya kwake tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010. Ni hoja nzuri, na kama hosti zako (hizo seva mbili za KVM) zina diski zao za ndani ningekwambia hivyo hivyo. Ila wewe kila kitu kipo kwenye NAS moja, kopi mbili za database zikikaa kwenye NAS ile ile umelipia nafasi mara mbili na NAS ikifa zimekufa zote. Halafu ukitaka ihame yenyewe usiku bila wewe kuamka, bado utahitaji akidi (kura za kuamua nani anaendelea) na fensi (kumfungia nje aliyezingua) kama hizi hizi nitakazoeleza, huzikwepi.

Haya, namna ya kuunga. Una njia mbili. Ya kwanza ni hii uliyofanya, hosti inaiona LUN halafu inaipitisha kwa VM. Ukibaki nayo hakikisha ni raw na siyo qcow2, cache='none', kontrola iwe virtio-scsi, device='lun' na siyo 'disk', na uwashe reservations managed='yes' ili amri za kubuku diski zipite mpaka kwenye NAS, maana kwa kawaida QEMU (programu inayoendesha VM) haizipitishi. Na jina la diski chukua kutoka /dev/disk/by-id, usitumie /dev/sdb, leo ni sdb kesho baada ya ristati imekuwa sdc. Kuna mtego mmoja wa njia hii ambao watu hawauoni mpaka wameumia: NAS inamtambua hosti, haiitambui VM. VM zako zote mbili zikijikuta kwenye hosti moja, kwa mfano siku unafanya matengenezo ya hosti ya pili, NAS inaona mteja mmoja tu na habari ya nani kabuku inakuwa haina maana.

Ya pili, na ndo ninayokushauri, ruka hosti kabisa. Ipe kila VM kadi ya mtandao ya pili kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) ya iSCSI, weka iscsi-initiator-utils ndani ya VM, VM yenyewe iingie kwenye NAS. Kila VM inakuwa na IQN (jina la iSCSI) yake, NAS inawajua kwa majina, unaweza kuhamisha VM kutoka hosti hii kwenda ile ikiwa inatembea na diski haijali. Unapoteza kasi kidogo, kwa Postgres ya ofisi hutaiona.

Ila angalia hili. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa sehemu fulani, sitaitaja, tukajenga VM ya kwanza vizuri kabisa halafu kwa uvivu tukaikloni kupata ya pili. Tukabadilisha hostname, tukabadilisha IP, tukajipongeza. Kumbe /etc/iscsi/initiatorname.iscsi, faili lenye IQN, imebaki ile ile. Ikawa VM ya pili ikiingia NAS inadhani ni yule yule amerudi, inamtupa nje wa kwanza, wa kwanza anaingia tena anamtupa wa pili, log zote mbili zimejaa connection error kila baada ya sekunde chache, na sisi siku mbili tunabadilisha nyaya na kulaumu swichi. Fungua hilo faili kwenye VM zote mbili, soma herufi kwa herufi. Ukiwa hapo angalia na /etc/machine-id.

Diski ikionekana kwenye VM zote, weka sg3_utils na uulize: sg_persist -c ukifuatia na njia ya diski. Hiyo inakwambia kama NAS inaelewa SCSI-3 Persistent Reservations. Nyingi za kisasa zinaelewa. Hiki ndo kitabu cha siti cha pamoja: kila nodi inaandikisha ufunguo wake kwenye diski yenyewe, na asiye na ufunguo akijaribu kuandika diski inamkatalia. Kizuri chake ni kwamba anayekataa ni NAS, kwa hiyo hata VM ikiwa imechanganyikiwa haina ujanja.

Upande wa LVM (programu ya Linux ya kugawa diski), kwenye VM zote mbili weka system_id_source = "uname" kwenye lvm.conf kabla hujatengeneza VG (kundi la diski la LVM), halafu kwenye moja vgcreate --setautoactivation n. Maana yake VG inakuwa na mwenyewe mmoja kwa jina, na haiwaki yenyewe wakati wa buti. Kwenye Alma 9 VM ya pili haitaiona VG mpaka uiongeze kwa lvmdevices --adddev, usije ukadhani imepotea. Kama umebaki na njia ya kwanza, nenda pia kwenye hosti zenyewe uizuie LVM ya hosti isichungulie ndani ya LUN hiyo, la sivyo hosti itaziwasha LV (vipande vya VG) za VM kana kwamba ni zake. Na toa /data kwenye fstab! Toa, usiweke hata noauto. Na Postgres fanya systemctl disable. Kuanzia sasa Pacemaker (programu ya kusimamia klasta) peke yake ndo anayemaunti na kuwasha.

Pacemaker iko kwenye repo ya highavailability, iwashe kisha dnf install pcs pacemaker fence-agents-all. Kutengeneza klasta yenyewe kwa pcs ni amri tatu nne sitakuchosha nazo. Rasilimali ziweke kwenye grupu moja kwa mpangilio huu: LVM-activate yenye vg_access_mode=system_id, ikifuatiwa na Filesystem, IPaddr2 kwa ajili ya ile IP ambayo programu zenu zinaigonga, mwisho pgsql. Grupu linawaka kwa mpangilio na kuzima kinyume chake.

Sasa fensi, na hapa ndo watu wanaporuka. Pacemaker kwa kawaida inakataa kuwasha rasilimali yoyote kama hakuna STONITH, na dawa unayokutana nayo kila mahali ni pcs property set stonith-enabled=false. Mkuu, ukiandika hiyo amri umerudi kule kule kwa maajenti wawili. STONITH kirefu chake ni kumpiga mwenzako risasi ya kichwa, wazungu hawakuremba. Sababu ni hii: VM ya pili ikiacha kusikia mapigo ya ya kwanza haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au waya wa mtandao tu umechomoka na mwenzake bado anaandika diskini kwa raha zake. Haijui na haitajua. Njia pekee salama ni kumaliza ubishi kwanza, halafu ndo uchukue diski.

Kwako wewe tumia fence_scsi:

pcs stonith create fensi fence_scsi pcmk_host_list="vm1 vm2" devices=/dev/disk/by-id/wwn-... meta provides=unfencing

Hapo weka majina yako na wwn (namba ya kipekee ya diski) ya kwako. Inafanya kazi kwa kufuta ufunguo wa nodi iliyozingua kutoka kwenye diski. Haiizimi ile nodi, inaifungia nje tu, kwa hiyo ongezea kifaa cha watchdog (kinachoiristati mashine ikizingua) kwenye VM, QEMU inatoa i6300esb, na skripti ya fence_scsi_check kwenye /etc/watchdog.d ili VM ikigundua imefungiwa nje ijiristati. Utakutana na watu wanatumia fence_virsh, inayoingia kwenye hosti kwa SSH na kuiua VM. Ni nzuri mpaka siku hosti nzima inakata umeme, hapo fence_virsh haina wa kuongea naye, haiwezi kuthibitisha kifo, na klasta inakaa imeganda ikisubiri. Yaani siku uliyoijengea klasta ndo siku inakugomea. Kama NAS yako ikikataa habari za reservations kabisa, angalia sbd, inatumia LUN ndogo pembeni kama sehemu ya kuachiana barua ya kifo, nayo inahitaji watchdog.

Nodi mbili zina tatizo la akidi, mmoja kwa mmoja hakuna mshindi. Corosync (inayopeleka mapigo kati ya nodi) ina two_node: 1 ambayo pcs inaiweka yenyewe, na inakuja na wait_for_all, kwamba baada ya kuzima kote hakuna anayeanza peke yake mpaka amuone mwenzake mara moja. Hii inakusaidia sana siku umeme unarudi na mashine zote zinaamka kwa pamoja. Bora zaidi ni kura ya tatu, weka corosync-qnetd kwenye kompyuta yoyote ile, hata ile desktop ya zamani iliyopo chini ya meza ya mapokezi, mradi isiwe VM ndani ya hosti hizo mbili. Na ile token ya Corosync (muda wa kusubiri kabla ya kudhani mwenzake amekufa), kwenye matoleo mapya ni milisekunde 3000, kama unahamisha VM zikiwa hai ipandishe mpaka 10000 hivi, maana VM ikigandishwa kidogo wakati wa kuhama mwenzake anaweza kudhani msiba.

Wanaotumia vitu vingine, kwa haraka. Proxmox: kale kakisanduku ka "Shared" kwenye storeji hakafanyi storeji iwe ya pamoja, kanaiambia tu Proxmox kwamba imeshakuwa ya pamoja, nimeona watu wanakatiki kwenye diski ya ndani ya seva halafu wanashangaa. VMware: kwa klasta ya Windows diski ya pamoja iwe kwenye kontrola yake, siyo ile ya OS, bus sharing iwe physical, na RDM zake (LUN zinazopitishwa moja kwa moja kwa VM) uziwekee perennially-reserved kwenye kila hosti, usipofanya hivyo ESXi (hosti ya VMware) ikiristatiwa inakaa inabuti mpaka unaenda kunywa chai unarudi. Multi-writer ya Oracle RAC ni habari tofauti, diski kwa kawaida iwe eager zeroed na hosti zisizidi 8. Hyper-V: VHD Set (diski pepe ya pamoja), kuanzia Windows Server 2016. Na kwa sehemu kubwa snapshoti za VM yenye diski ya pamoja zisahau, bakapu fanya ndani kwa pg_dump au pg_basebackup.

Mwisho ujaribu, na usijaribu kiungwana. systemctl stop na poweroff zinaaga kwa adabu, ajali haziagi. Ua VM yenye zamu kwa echo c > /proc/sysrq-trigger uone ya pili inachukua kwa muda gani. Washa, subiri itulie, kisha zuia UDP 5405 kwa firewall uone nani anamfungia nani. Halafu fanya lile ninaloliogopa mimi mwenyewe: kwenye hosti piga virsh suspend VM yenye zamu. Inaganda katikati ya kuandika. Ya pili itasubiri, itaufuta ufunguo wake, itachukua diski na IP, Postgres itawaka. Subiri dakika mbili, halafu virsh resume. VM ya kwanza inaamka haijui kama muda umepita, inadhani bado ni zamu yake na inamalizia kuandika pale ilipoishia. Fungua dmesg yake hapo hapo. Ukiona reservation conflict na XFS imejifunga yenyewe, fensi yako ipo kazini. Ukiona kimya na Postgres ya kwanza inaendelea kama kawaida, zima kila kitu, usiingize data ya ofisi, na unitumie majibu ya sg_persist --in -k na sg_persist --in -r kutoka VM zote mbili tuangalie ufunguo wa nani umebaki kwenye diski.